Usimwage unga wa zanthani kwenye maji, hata mashine iwe kali vipi

We wa Jambiani, simama hapo hapo. Umeuliza ununue mashine gani ya kuchanganyia losheni, chupa zinapatikana wapi na mafuta ya karafuu utie kiasi gani, lakini kilichonishtua ni hiki: kesho utachemsha maji, umwage unga wa zanthani, ule wa kuipa losheni uzito, wote kwa mkupuo, halafu mashine ya mizunguko 10,000 kwa dakika "ivunje mabonge yenyewe". Haivunji! Mimi hapa Bububu nilifanya hivyo hivyo nikamwaga lita 40 za losheni ya mwani.

Unga ule una uroho wa maji. Ukianguka rundo, wa nje unavimba papo hapo unakuwa ute, ute unaufunika wa ndani, maji hayapiti tena. Maji ya moto ndiyo yanazidisha. Nilitoa mabonge kama kaimati, nje laini, ukipasua katikati unga mkavu. Nikawasha kasi ya mwisho. Bonge moja likawa vibonge mia, na hewa ikaingia. Zanthani ikishakolea inashika vipovu, havipandi juu. Nimelaza usiku kucha, asubuhi vipo vile vile. Nikachuja kwa kitambaa, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana yale mabonge niliyotupa ndiyo unga wenyewe. Nilipima gramu 200, ndani zikabaki ngapi? Losheni ikawa maji, nikaongeza unga, mabonge upya. Siku ya nne mafuta ya nazi yanaelea juu, na mafuta ya karafuu niliyonunua kwa pesa ya kukopa yamo humo humo.

Aliyeniuzia mashine, huko mjini, aliniapia: "Mama, hii haijui bonge." Hakuuliza hata nachanganya nini. Nilimrudia na ndoo mkononi, akaniambia ninunue kubwa zaidi! Mpaka leo nikipita duka lile damu inanichemka.

Sasa nisikilize. Unga uloweshe kwanza kwenye kitu ambacho hauwezi kukinywa. Zanthani gramu 200, glisirini gramu 800, koroga kwa mwiko mpaka kila punje ipate glisirini yake. Haivimbi humo, inatengana tu. Ndipo unamimina rojo hilo kidogo kidogo kwenye maji yanayozunguka polepole. Mbona kwenye uji tunajua? Hakuna mama Unguja wala Pemba anayemwaga unga mkavu kwenye maji yanayotokota. Anauvuruga kwanza kwa maji baridi.

Mashine kali ina kazi yake, kuyapasua mafuta yawe matone madogo madogo, lakini hiyo ni baada ya unga kulainika, na kichwa chake kizame chini kabisa kisivute hewa.

Glisirini unayo nyumbani? Kama huna, chonde, kesho usiwashe jiko.