Moodle kwenye kompyuta yako mwenyewe, hata ukiwa Newala

Juzi mwalimu mmoja wa Ruangwa, anayetumia Moodle (mfumo wa kuweka masomo na maswali kwenye kompyuta) kupitia Docker (programu inayoendesha programu nyingine ndani ya kontena), kanitumia meseji usiku, "kaka nimeandika docker compose down -v nikijua nazima tu, sasa maswali yote ya kidato cha pili siyaoni, nifanyeje?" Nikamwambia ukweli, mwalimu, kama huna bakapu hapo hamna namna, hiyo -v ndo imekula kila kitu. Down peke yake inazima na kuondoa kontena, data inabaki kwenye volyumu, yaani sehemu Docker inakoitunza, ila ukiongeza -v umeiambia ifute na volyumu. Imeji, yaani kile kifurushi cha programu unachoshusha, ni unga, kontena, yaani programu yenyewe ikiwa inawaka, ni ugali, ugali ukimwagika unasonga mwingine, lakini volyumu ndo mboga na mboga ilikuwa hiyo hiyo moja. Akakaa kimya weee, mwisho akaandika "sawa kaka". Nilimwonea huruma maana kuingiza maswali ya fizikia na michoro yake sio mchezo.

Sasa nimeona niandike hapa, maana wanaoniuliza haya mambo wengi ni vijana wa huku kusini kama mimi, wanataka kufanya kazi za maana na hawataki kuhamia Dar.

Mimi nakaa Chikongola, Mtwara mjini. Hii habari ya Moodle niliianza kwa hasira, nisidanganye. Kuna ofisi, siitaji, niliwapelekea wazo la mfumo wa masomo kwa shule, wakanijibu mfumo lazima ukae kwenye seva ya kulipia kwa dola kila mwezi, halafu kazi yenyewe "inataka watu wa mjini". Mtwara ni kijiji? Mpaka leo nikikumbuka ule mdomo ulivyokunjwa najisikia vibaya. Moodle ni ya bure, msimbo wake (code) uko wazi tangu 2002 alipoitoa Martin Dougiamas kule Australia, Docker nayo ipo tangu 2013, na laptop ninayo. Nikasema ngoja.

Kushusha imeji ndo kazi ya kwanza na ndo inayokatisha watu tamaa, bando linakata, umeme unakata, mtu anasusa. Usisuse. Imeji inashuka kwa vipande, kwa kawaida vilivyokamilika havirudiwi, unaandika tena docker compose pull inaendelea na vilivyobaki. Mimi nilikuwa nashusha kwa bando la usiku. Ikikamilika tu, docker save -o moodle.tar na jina la imeji, hifadhi kwenye flashi, kesho ukiwa na mashine nyingine unaandika docker load -i moodle.tar bila hata senti ya intaneti. Flashi iwe exFAT, ile FAT32 inakataa faili likifika GB 4.

Halafu kuna hili linaloliza watu wengi, Moodle inakwambia haioni hifadhidata wakati kontena zote zinawaka. Ukiangalia, mtu kaandika localhost, yaani "mashine hii hii", kwenye mahali pa hosti, pale pa anwani ya hifadhidata. Ndani ya kontena localhost ni hiyo kontena yenyewe, sio jirani yake. Andika jina la huduma kama lilivyo kwenye faili lako la compose, lile linaloorodhesha kontena zako, kama hifadhidata umeiita db basi andika db. Basi.

Niwape ya Newala. Shule ina maabara ya kompyuta, intaneti hamna, nikaenda na laptop na rauta. Kwenye laptop yangu Moodle inafunguka safi, kompyuta za wanafunzi zote zinagoma, zinakwambia ukurasa haupatikani. Mkuu wa shule kasimama mlangoni mikono nyuma, mwalimu wa taaluma anachungulia saa, watoto wameanza kucheka chini chini. Nikainama kwenye kompyuta ya mtoto mmoja wa mbele, nikaandika 192.168.0.105 ambayo ndo anwani ya laptop yangu, nikabonyeza enta huku naangalia pale juu, anwani ikajigeuza yenyewe ikawa localhost! Nikacheka. Moodle inamrudisha kila mtu kwenye anwani iliyoandikwa kwenye wwwroot, ndani ya config.php, faili la mipangilio yake, kwa hiyo kila kompyuta ilikuwa inajitafuta yenyewe. Nikabadilisha wwwroot ikawa ile 192, nikafunga anwani kwenye rauta isihamehame, watoto wakaingia safu kwa safu. Mkuu akasema "kumbe inawezekana bila intaneti". Mzee wangu, inawezekana sana.

Na Mei 2024 zile nyaya za chini ya bahari zilipokatika, nchi nzima intaneti ikawa ya kusuasua, watu wa seva za dola walikuwa wanaangalia kiduara kinazunguka. Mimi Moodle yangu ilikuwa inawaka hapa mezani Chikongola. Nilifurahi, nisamehewe, nilifurahi.

Vijana wenzangu, acheni kusubiri mtu wa Dar aje awape ruhusa. Msimu wa korosho mtu anapata hela ya mnada ananunua simu ya kamera tatu, laptop hana, halafu analalamika hakuna fursa. Nunua laptop iliyotumika, weka Ubuntu (mfumo endeshi wa bure), haribu, rekebisha, haribu tena. Na usijifunze kwa data ya watu! Jifunze kwa maswali ya uongo kwanza, bakapu iwe tabia. Bakapu ya Moodle ni hifadhidata pamoja na lile folda la moodledata, ukichukua kimoja tu umejidanganya, maana maswali yako kwenye hifadhidata ila picha na mafaili yako kwenye moodledata.

Wa umeme wa kukatika, weka restart: unless-stopped kwa kila huduma kwenye faili la compose, mashine ikiwaka kontena zinaamka zenyewe. Na wale wa ramu GB 4 mnaouliza kila siku, itawaka, ila funga kila kitu kingine na usiite darasa zima kwa mpigo. GB 8 unapumua.