PC ya gemu kwa laki tano: maswali yenu wiki hii

Nina laki tano, nataka kucheza GTA V na eFootball. Ninunue vifaa kimoja kimoja niunganishe, au nichukue PC ya mtumba? (Morogoro)

Chukua mtumba, tena uliotoka ofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre yenye prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne. Ukianza na vifaa vipya, hela itakukatikia kwenye madabodi na kesi kabla hujagusa kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini.

Ila usibebe yoyote unayosogezewa. Muuzaji atakupa ile nyembamba, kwa kuwa ndizo zilizojaa dukani kwake, na kadi ya kawaida haiingii humo. Wewe omba mnara, yaani ile yenye kesi kubwa ya kusimama, kisha omba ubavu ufunguliwe uone ndani. OptiPlex 9020 ya mnara, kwa mfano, ina paua saplai (kifaa cha ndani kinachogawa umeme) ya wati 290 isiyo na waya wa kulishia kadi, na plagi yake kuu ni ya pini 8 badala ya 24 zilizozoeleka. Kubadilisha paua saplai hapo ni lazima upate adapta. Usihangaike nayo, tafuta kadi inayotosheka na umeme wa kwenye sloti inapochomekwa kwenye madabodi, yaani wati 75. GTX 1050 Ti ni mojawapo, mradi iwe toleo lisilo na tundu la waya juu yake.

Kuna mtu mtandaoni anauza 1050 Ti mpya kwa bei ya kutupa. Nimtumie hela? (Tanga)

Usitume hata mia. Kuna kadi za zamani, kama GTS 450 ya mwaka 2010, zilizobadilishwa BIOS, programu iliyo ndani ya kadi, zijitambulishe kwa jina la 1050 Ti. Windows inadanganyika, gemu ndiyo inayoumbua, maana inakwama au kuzima mara tu inapoanza kuchora.

Geuza kadi utazame nyuma. Ukikuta tundu la VGA, lile la buluu lenye vishimo 15, shuku papo hapo: chipu ya 1050 Ti haitoi picha ya analogi. Halafu iwashwe mbele yako, ufungue programu ya GPU-Z. Matoleo yake ya tangu 2018 huandika neno FAKE kabla ya jina la kadi nyingi za namna hii. Muuzaji akisema hana muda wa kuwasha, na wewe huna muda wa kulipa.

Naweza kucheza bila kadi kabisa? (Mwanza)

Ndiyo, kwa Ryzen 5 5600G, prosesa ya AMD inayochora picha yenyewe, ingawa kwa laki tano sidhani utafika. Picha zake hutegemea RAM, kwa hiyo weka vipande viwili vya GB 8. Kipande kimoja cha GB 16 kitakupunguzia kasi, na utaiona.

Umeme wetu unacheza sana. Stebilaiza inatosha? (Kigoma)

Inasawazisha, haihifadhi. Ukikatika, PC inazima nao. UPS ndogo, kifaa chenye betri, itakupa dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima kistaarabu.

Hiyo i5 ya kizazi cha nne itapokea Windows 11? (Dodoma)

Microsoft haiitambui, wanaanzia kizazi cha nane. Windows 10 nayo iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. GTA V ya kucheza peke yako haitakusumbua kwa hilo. Lakini kama roho yako iko kwenye Valorant, kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele vya usalama vya kompyuta, basi subiri uongeze hela uchukue mashine ya kizazi cha nane.