Uliza Bibi Shamba: Roketi Yangu Imekimbilia Maua

SWALI: Shikamoo Bibi Shamba. Naishi Pasua, Moshi. Januari nilipanda roketi, yale majani ya saladi yenye ukali kama pilipili, kwenye tuta lisilo na kivuli. Iliota upesi, ila majani yakajaa vitundu kama yaliyochomwa sindano. Hatujaifaidi, mara ikatoa mashina na maua. Sasa ukitafuna inaunguza ulimi, watoto wamegoma kabisa. Au nimeuziwa mbegu mbovu?
Mama Neema

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Mbegu mbovu haioti upesi hivyo. Shida yako ni jua la Januari, tena la Pasua!

Roketi ni ukoo mmoja na kabichi, sukuma wiki na loshuu, ila yenyewe haistahimili joto kama loshuu. Ikibanwa na jua na kiu, inaacha majani na kukimbilia kuzaa mbegu. Ukali nao unapanda hapohapo. Unatokana na kemikali za salfa zilizomo ndani ya jani, ambazo ukizitafuna hugeuka kuwa ule mwasho wa haradali. Jani lililokomaa ni kali kuliko changa, na la tuta kavu ni kali zaidi.

Sisi huku Ilboru tuna nafuu. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki hata 1,000. Kwa hiyo wewe panda Juni hadi Agosti, watu wakiwa na masweta. Ukitaka kula na miezi mingine, sogeza tuta chini ya mgomba au upande wa nyumba unaopata jua la asubuhi tu. Mwagilia kila siku, udongo usikauke hadi kupasuka. Mbegu ifukie nusu sentimita, isizidi moja, na usimwage pakiti nzima kwa pamoja. Sia mstari mmoja, baada ya wiki mbili mwingine. Ukisubiri mmoja udumu miezi, utakula maua. (Maua yenyewe yanalika, yatupie kwenye kachumbari.)

Anza kuvuna wiki ya nne hivi, majani yakiwa na urefu wa kidole. Kata ukiacha sentimita mbili tatu juu ya udongo, yatachipua tena. Shina likishapanda, ng'oa. Yale makali uliyonayo yakaange kidogo na kitunguu kama mchicha, ukali utapungua na watoto watarudi mezani.

Vitundu ni kazi ya vijidudu vyeusi vinavyoruka kama viroboto ukigusa jani. Vinapenda ukavu, na miche michanga ndiyo huumia zaidi. Funika tuta kwa kitambaa chepesi cha pazia siku ileile unayosia, kingo uzifukie. Ukichelewa unavifungia ndani. Chandarua chenye dawa kibaki kitandani, hii ni mboga ya kuliwa mbichi. Wala usiipande palipotoka sukuma wiki, vijidudu vinakuwa bado vipo.

SWALI: Kandokando ya mfereji wetu huku Machame kunaota mboga ya majini yenye ukali kama huo wa roketi. Naweza kuila mbichi?
Kijana wa Machame

JIBU: Mbichi, hapana. Kama ng'ombe, mbuzi au kondoo wanakunywa sehemu ya juu ya mfereji na konokono wapo, majani ya majini yanaweza kubeba vijidudu vichanga vya minyoo ya ini. Huvioni kwa macho, na kusuuza hakuviondoi. Chemsha hadi ziive. Ukitaka za saladi, panda zako kwenye ndoo yenye udongo wa mboji, umwagilie maji safi ya bomba, na uiweke kivulini.