Uliza Fundi: Grupu limejaa, tuhamie jukwaa gani?

*Fundi habari za kazi. Mimi ni mfugaji wa kuku Chanika, nina grupu la WhatsApp la wafugaji, tulianza majirani 30 tu, sasa hivi limejaa watu 1,024 na kila siku kuna anayeomba kuingia. Ila shida yangu kubwa sio idadi. Swali la ugonjwa wa gumboro linaulizwa leo, kesho, keshokutwa, na daktari wa mifugo tuliyenaye kachoka kurudia, siku hizi anasoma tu anakaa kimya. Mwanangu anasoma kompyuta, anasema tufungue jukwaa letu wenyewe, tovuti ya maswali na majibu, kanitajia programu za phpBB, XenForo, Discourse na Flarum, yote anayasifia, mi nimebaki kuchanganyikiwa. Watu wangu wengi wana simu za bei ndogo na bando la siku. Nichukue lipi? Mama Wawili, Chanika.*

Shikamoo Mama Wawili. Hapo kwenye daktari kukaa kimya ndo pa kuogopa, kuliko hata grupu kujaa, maana jukwaa lenu akiondoka yeye linabaki la picha za vinyesi vya kuku na watu wanabahatisha dawa. Kwahiyo mi ningechagua programu kwa swali moja tu: jibu alilotoa daktari mwezi wa pili, mtu mwenye Android ya bei ya chini ataliona mwezi wa nane bila kumsumbua tena?

Kwa hilo peke yake Discourse inaongoza. Ilitoka 2013, kina Jeff Atwood ndo walioanzisha, na ina kitu kimoja mi nakipenda sana: mtu akianza kuandika kichwa cha mada mpya, tuseme "vifaranga wanaharisha nyeupe", pembeni inamletea nyuzi za zamani (yaani mada na majibu yake) zinazofanana kabla hajatuma. Mama, hilo ndo tatizo lako lenyewe. Programu ni ya bure pia. Sasa shida inaanzia kwenye simu, Discourse inaisukumia simu kazi nyingi ya kutengeneza ukurasa, na Atwood mwenyewe aliandika 2015 kwamba simu za Android zilikuwa zinaburuza kwenye mambo hayo ukilinganisha na iPhone. Simu zimeboreka tangu hapo lakini watu wako ndo walewale wa simu ya kuazimana nyumbani. Afu inataka seva yako mwenyewe, yaani kompyuta ya kukodi mtandaoni, yenye RAM kuanzia GB 1, inafungwa kwa Docker, kifaa cha kuendeshea programu ndani ya seva, na inategemea sana barua pepe, yaani kwa kawaida mtu akijisajili anafungua kiungo kwenye imeili yake. Nimeshasajili watu ana kwa ana mezani, mtu ana Gmail kwenye simu lakini aliyemfungulia ni kijana wa duka la simu na paswedi haijui, unakaa naye nusu saa. Imeili utaikuta kwenye programu zote hizi, ila admini, yaani msimamizi, anaweza kumkubali mtu kwa mkono yakaisha.

Flarum sitakaa nayo sana. Ni nyepesi na inapendeza machoni, toleo la 1.0 lilitoka 2021, ila vitu vingi utakavyovihitaji vinakuja kama viongezo vya watu wa kujitolea, siku mmoja akiacha kuvitunza na wewe unakwama, na kijana wako akipata kazi Dodoma nani atahangaika nayo?

phpBB ndo mkongwe, ipo tangu 2000, bure kabisa, inakaa hata kwenye hostingi (nafasi ya kukodi ya kuweka tovuti) ya bei ya chini, na kurasa zake hazili bando. Ubaya wake ni sura ya kizamani na roboti za spamu, ukiiacha wazi wiki moja unakuta matangazo ya ajabu yamejaa. Dawa ipo ndani yake yenyewe, unaweka swali la kujisajili kwa Kiswahili, mfano "mtoto wa kuku anaitwaje?" Roboti hazijui kifaranga.

XenForo hiyo ni ya kulipia, na ndo ningekushauri mkiweza kuchanga. Leseni ya kwanza ilikuwa chini kidogo ya dola 200 pamoja na apdeti za mwaka mmoja, mwaka ukiisha usipolipia tena jukwaa halizimwi, unakosa tu apdeti na msaada. Watu 500 wakitoa buku buku hiyo ni laki tano, mmekaribia sana. Tangu toleo la 2.2 la mwaka 2020 unaweza kufungua uzi wa aina ya swali, daktari akijibu unaliwekea alama kuwa ndo suluhisho, kwahiyo anayekuja nyuma analiona bila kusoma porojo kurasa sita. Na maneno yote ya kwenye skrini unayabadilisha mwenyewe, kitufe cha kujibu unaandika "Jibu", mama wa miaka 60 haogopi.

Kabla hamjachanga, chukua simu mbovu kuliko zote kwenye grupu, weka bando la siku, fungua kurasa za majaribio za XenForo na phpBB na Discourse kwenye simu hiyohiyo. Mpe mwenyewe simu ashike, usimshikie.

Mambo mawili mengine. Bekapu: mi niliwahi kuwa na jukwaa la mafundi kompyuta, miaka mitatu ya maswali na majibu, kampuni niliyokodi seva ikafunga bila taarifa na bekapu ilikuwa kwenye seva ileile. Kuna mzee alikuwa ameandika kwa mkono wake jinsi ya kufufua pawasaplai, hatua kwa hatua, alishafariki na yale maandishi sikuyapata tena mpaka leo. Kila Jumapili shusha nakala kwenye kompyuta ya nyumbani. La pili ni sheria, kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zikaja mpya 2020 na marekebisho 2022, na sheria ya taarifa binafsi inatumika tangu Mei 2023, kwahiyo panda daladala mpaka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pale Sam Nujoma uulize jukwaa lako linaangukia wapi kabla hujasajili watu.

Grupu la WhatsApp usilifunge. Mwombe daktari majibu yake 20 yanayorudiwa sana, yaingizeni kwanza, kisha mtu akiuliza gumboro unamrushia kiungo cha uzi.

*Fundi, jukwaa letu la mafundi magari lipo kwenye programu ya vBulletin 3 tangu 2009. Juzi wenye hostingi wamepandisha toleo la PHP, lugha inayoendesha jukwaa, sasa ni skrini nyeupe tu. Tumepoteza kila kitu? Fundi wa Gerezani.*

Hapana kaka, tulia. vBulletin 3 kwa mipangilio yake ya kawaida inaongea na databesi kwa njia ambayo PHP 7 iliiondoa kabisa mwishoni mwa 2015, huenda ndo maana imekufa, lakini nyuzi zenu zipo kwenye databesi. Hameni tu, msihangaike kuifufua. XenForo iliandikwa na haohao waliokuwa wanaijenga vBulletin, kina Kier Darby na Mike Sullivan, waliondoka wakaitoa kwa majaribio 2010, na ina kihamishi chake cha kuvuta watumiaji, nyuzi, hadi paswedi za zamani zinaendelea kufanya kazi. Jaribuni kwanza pembeni, na viungo vya zamani muvielekeze kwenye vipya ili anayetoka Google asigonge ukuta. Ila leo, kabla ya yote, ingia phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia databesi, ushushe databesi nzima, na folda ya viambatisho nayo, maana picha za injini huenda zimekaa huko. Usibonyeze kitufe chochote cha apgredi mpaka hayo mawili yawe kwenye flashi yako.