Kotingi za injini: mkuu, usitume hela kwanza

Simama hapo hapo. Umesema unafungua EJ205, ile injini ya turbo ya Subaru Forester yako, unataka pistoni, beringi na manifoldi ya moshi zote zipakwe kotingi, yaani mpako mwembamba wa kupunguza msuguano au kuzuia joto, na jamaa wa kupaka amekuahidi nguvu zitaongezeka. Mimi pia niliahidiwa. Nguvu za farasi sikuziona, hata za punda.

Kilichoniua ni hiki. Ile kotingi nyeusi ya molibdeni haishiki kwenye alumini nyororo, kwa hiyo pistoni hupigwa mchanga kwa kompresa kwanza ili ikwaruke. Mpakaji wangu, bwana mkubwa, akapiga mchanga, akapaka, akaoka, akanirudishia pistoni zimependeza hadi nikazipiga picha. Vile vitundu vya kurudishia oili nyuma ya ringi ya chini hakuvichungulia mtu, nami nikazifunga hivyo hivyo. Chembe za mchanga zilikuwa mle mle. Injini ilipopata moto, oili ikazing'oa. Nyingine zikabaki ukutani kwenye silinda zikisaga, nyingine zikashuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Na usinitajie chujio: linakaa baada ya pampu, na asubuhi oili ikiwa nzito vali yake ya dharura hufunguka oili ipite bila kuchujwa, uchafu unapita moja kwa moja hadi kwenye kranki. Injini ikaanza kugonga. Kranki nyingine, silinda kuchongwa upya, pistoni za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za mwanzo). Na kotingi niliilipia ili injini idumu, jamani!

Nilipomrudia akasema tatizo ni oili niliyotumia. Oili! Mtu hana hata maikromita ya kupimia unene. Mpako ule una takriban mikroni (sehemu za elfu za milimita) 10 hadi 20 kila upande, wakati nafasi ya pistoni na silinda ni ya kuhesabu kwa sehemu za mia za milimita. Mpakaji wako akishindwa kukutajia unene wa mpako wake, mpe geti akapake.

Kitu chochote kilichopigwa mchanga kioshe MWENYEWE kabla hakijaingia kwenye injini. Brashi ipite kila kitundu, petroli, upepo wa kompresa, kisha kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi, rudia. Au nunua pistoni zenye mpako wa kiwandani, nyingi siku hizi zinakuja nao, uachane na hawa watu.

Manifoldi paka, hiyo inalipa: joto linabaki kwenye bomba likaendeshe turbo badala ya kuchemsha boneti. Ila nayo ioshe ndani, maana chembe ikibaki humo kituo chake cha kwanza ni mapanga ya turbo.