Acha kukwangua anemoni kwenye tangi lako

Wiki hii msomaji mmoja wa Mbezi Beach kanitumia video ya tangi lake la viumbe wa baharini, la lita 200. Matumbawe laini yamesinyaa, na katikati yake wamejaa vianemoni vya kahawia, wanyama laini wenye minyiri wanaojishika kwenye mawe. Anauliza kwa nini kila akiwakwangua kwa kisu wanazidi. Ndugu yangu, wanazidi kwa sababu ya hicho kisu.

Huyo ni aiptasia. Kipande kidogo cha mguu wake kikibaki kwenye jiwe kinaota anemoni mzima, na vipande vinavyoelea vinapelekwa na pampu hadi kwenye mawe yaliyokuwa safi. Ukimchokoza, anatoa nyuzi nyeupe zenye sumu kupitia ubavuni, nazo zikiangukia tumbawe la jirani zinaliunguza. Kwa hiyo ukikwangua unapata hasara mbili kwa mkupuo.

Kwanza hakikisha unapambana na nani. Aiptasia ana shina refu, minyiri myembamba iliyochongoka, na ukimsogelea anajificha haraka ndani ya tundu lake. Majano, aina nyingine ya anemoni msumbufu, ni mfupi, mnene, na ncha za minyiri yake zimevimba, mara nyingi rangi ya kijani au kahawia. Sindano ya dawa nitakayoieleza inawaua wote wawili. Kamba wanaokula aiptasia, nitakaowataja chini, majano hata hawamgusi.

Dawa ninayoiamini ni uji wa chokaa, yaani haidroksaidi ya kalisi safi. Chokaa ya kupakia ukuta usiitumie. Ina takataka, na ikikaa wazi inavuta hewa ya kaboni na kugeuka unga usio na ukali wowote. Hata ile safi, ihifadhi kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Vaa glavu na miwani, maana inaunguza ngozi na macho.

Changanya kijiko kimoja cha chai na maji yaliyochujwa, kidogo kidogo, mpaka upate uji mzito unaopita kwenye sindano kwa shida kidogo. Duka la dawa omba bomba la mililita 3 na sindano ya geji 18, ile yenye kitako cha pinki. Ya kijani inaziba.

Zima pampu zote na usubiri maji yatulie. Peleka sindano taratibu kutokea juu. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanamgusa mnyiri, anazama tunduni, halafu wanamwaga uji juu ya jiwe tupu. Usimguse mnyiri. Lenga mdomo, ule mpasuko mdogo katikati ya duara, na ncha ikishaingia ndipo usukume, kama nusu mililita kwa mkubwa. Utamwona anajikunja, anajaa weupe. Mfunike na tone moja juu yake, kisha mwache. Baada ya nusu saa washa pampu, na yale mabaki meupe yanyonye kwa mpira kabla hayajapeperukia matumbawe.

Usiwaue wote siku moja. Chokaa inapandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, na anemoni waliokufa wanaoza. Kwa lita 200 sizidishi mililita 3 kwa siku, na pH ikipanda kwa 0.2 naacha hapo hapo. Rudia baada ya siku chache, maana lazima kuna waliojificha. Kuna wanaosema umeme ukikatika ndiyo nafasi, kwa kuwa pampu zimeshazima zenyewe. Hapana! Hujui umeme utarudi saa ngapi, na maji yaliyosimama tayari yanapungukiwa oksijeni.

Waliojikita chini kabisa ya tumbawe sindano haiwafikii. Jiwe likiwa dogo, litoe nje, likate kipande hicho kwa patasi na ukitupe. Kuziba tundu kwa gundi kunasaidia pale tu ambapo tundu halina mlango wa pili, na mawe ya tangi yana milango mingi.

Viumbe wanaokula aiptasia wapo, ila kila mmoja na tabia zake. Kamba wa jamii ya Lysmata wurdemanni, asili yake Atlantiki ya magharibi, anawafaa sana wale wadogo. Usiuziwe Rhynchocinetes durbanensis badala yake: huyu ana mistari myeupe katikati ya ile myekundu, na pua yake inakunjika. Atakula matumbawe yako laini. Konokono asiye na gamba, Berghia, hali kitu kingine isipokuwa aiptasia, kwa hiyo wakiisha naye anakufa njaa. Kitatange wengi wanaokula aiptasia wanadonoa na matumbawe pia, na kikande mdogo Acreichthys tomentosus vilevile si wa kuaminiwa asilimia mia.

Punguza chakula, ndiyo, lakini usidhani utawaua kwa njaa. Mwilini wana mwani unaowalisha kwa mwanga, kama matumbawe yenyewe. Ukishusha naitreti, ile mbolea inayotokana na uchafu wa tangi, hadi sifuri, matumbawe yatapauka wao wakiwa bado wamesimama.

Kipande kipya cha tumbawe kikija, usiamini kukichovya kwenye dawa, aiptasia anavumilia. Vunja tumbawe kutoka kwenye kitako lilichokuja nacho, tupa kitako, ligandishe kwenye kipya, kisha likae tangi la pembeni wiki nne. Limulike kwa tochi usiku, ukitazama hasa upande wa chini. Na mawe ya kwenda kuchukua Mbudya au Bongoyo yaache huko huko. Visiwa hivyo ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na ukitaka kuanza na jiwe lisilo na anemoni, chukua kavu lililokaa juani, ulisugue, ulioshe, ulisubirishe kwenye maji ya chumvi mpaka amonia, sumu ya vitu vinavyooza, isome sifuri.