Hedifoni ya kumiksia ukiwa Kigoma: pima kwanza, lipa baadaye

Ukiwa na chumba cha mita 3 kwa 3 pale Mwanga au Gungu, kuta za tofali na bati juu, spika za studio hazitakufaa kwa kumiksi, yaani kusawazisha sauti za wimbo, kama unavyotarajia, hata ziwe za bei gani. Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde, kwa hiyo kuta mbili zilizoachana mita 3 hurudishiana wimbi la hezi (mitetemo kwa sekunde) 57 au 58 na kulikuza. Hapo ndipo kiki nyingi, yaani mdundo wa ngoma kubwa, zinapokaa. Ukiegemea ukuta kiki inanguruma, ukisogea katikati ya chumba inapotea, na wimbo ni uleule. Hutajua uongeze au upunguze. Hedifoni hukiondoa chumba chote kwenye hesabu, na ndiyo maana kwa prodyuza anayeanza huku kwetu nasema bila kusita: pesa ya kwanza iende kwenye hedifoni, spika zisubiri.

Ila hedifoni gani? Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu wanachagua ile inayowafurahisha dukani. Hedifoni ya kufurahisha imepandishwa besi na kung'arishwa juu ili kila wimbo uonekane mtamu. Kazi yako ni kinyume chake. Unataka kusikia wapi wimbo umeharibika.

Na hakuna hedifoni isiyo na kosa. Kosa la hedifoni hurudi kwenye wimbo wako likiwa limegeuzwa. Yenye besi nyingi hukufanya upunguze besi, na wimbo ukipigwa redioni unasikika umekonda. Yenye besi haba hukufanya uongeze, na wimbo ukifika kwenye sabufa ya jirani unakuwa tope tupu, maneno hayatoki. Kwa hiyo usitafute hedifoni isiyo na kosa. Tafuta ile ambayo kosa lake unalijua kwa jina.

Sony MDR-7506, iliyotoka mwaka 1991 na hadi leo inatumika studio nyingi duniani, ni kali juu. Mwimbaji akisema "sisi" au "shida", hizo s na sh zinachoma, na pumzi, mate ya mdomo na mkwaruzo wa vokali (sauti ya mwimbaji) iliyokatwa vibaya vyote vinajitokeza. Ni faida kubwa unaposafisha sauti. Hasara yake ni kishawishi cha kupunguza ukali kupita kiasi, wimbo ukatoka kama umefunikwa blanketi. Audio-Technica ATH-M50x imenyanyuliwa besi, basi jihadhari usiinyime kiki haki yake. Beyerdynamic DT 990 Pro inachoma zaidi karibu na hezi 8,000, mahali pa matoazi na hai-hati. Sennheiser HD 600 kwangu ndiyo bora kuliko hizo zote kwa sauti za katikati, yaani vokali na gitaa, ila kwenye besi ya chini kabisa inashuka, na anayetengeneza singeli kwa hedifoni hiyo peke yake atabahatisha besi.

Kuna pia suala la mgongo. HD 600 na DT 990 zimeachwa wazi nyuma. Sauti inapumua, sikio halichoki haraka, na vyombo vinakaa kwa nafasi zaidi. Lakini zinavuja. Ukirekodi mwimbaji chumba hichohicho, maikrofoni itanasa biti inayotoka masikioni mwake, na huwezi kuifuta baadaye. Pia hazizuii kelele za nje: mvua ya Machi ikishuka kwenye bati, kazi imeisha. Kama unanunua moja tu, nunua iliyofungwa nyuma. Mimi ningeanza na MDR-7506, au DT 770 Pro ya ohm 80. Ya wazi ije ya pili, kwa kumiksi usiku mji ukishatulia.

Za bluetooth ziache kabisa kwa kazi hii. Zinabana sauti kabla ya kuirusha, na zinachelewa: katika mfumo wa kawaida sauti hufika kama robo ya sekunde baada ya kidole kugusa kinanda, na hakuna anayeweza kupiga ala hivyo. Zilizoandikwa 7.1 kwa ajili ya magemu, zinazoigiza spika nyingi kukuzunguka, pia ziache, maana hucheza na nafasi za sauti.

Sasa jambo ambalo karibu hakuna muuzaji atakayekueleza: kuziba. Besi ya hedifoni iliyofungwa hukaa ndani ya kile kichumba kidogo kati ya sponji na shavu. Ukiachwa upenyo, besi inatoka. Mkono wa miwani unafungua upenyo. Rasta na nywele za kusuka zilizopita juu ya sikio zinafungua upenyo. Mtandio wenye mikunjo chini ya sponji unafungua upenyo. Watu wawili wenye hedifoni ileile, mmoja akiwa na miwani, hawasikii kitu kimoja. Pima hivi: weka kwenye simu mlio mtupu wa hezi 40, sauti ya chini, vaa hedifoni kama unavyovaa siku zote, kisha bonyeza vikombe taratibu kwa viganja vyote viwili. Besi ikipanda kidogo ni kawaida. Ikiruka kama umefungua bomba, haizibi kichwani kwako, na utaongeza besi kwenye kila wimbo bila kujua. Rudisha nywele nyuma ya sikio, vua miwani au tumia yenye mikono myembamba, na mtandio upite juu ya kikombe badala ya chini yake. Ikishindikana, jaribu modeli yenye sponji laini na nene zaidi, au nenda kwenye ya mgongo wazi, ambayo haidhuriki sana na upenyo mdogo.

Jambo la pili ni ohm. Namba hii inaeleza ukinzani wa hedifoni, na inaamua kama kifaa chako kinaweza kuisukuma. Chukua tundu la laptopi linalotoa volti 1. Kwenye hedifoni ya ohm 38 linatoa miliwati 26. Kwenye ya ohm 250 linatoa miliwati 4 tu. Ya ohm 250 italia, ndiyo, na wimbo uliokwisha kufanyiwa masta, yaani uliokamilishwa na kukuzwa sauti, utausikia vizuri. Tatizo ni wimbo wako wenyewe ukiwa bado kwenye kumiksi, wenye wastani wa desibeli 18 au 20 chini ya sifuri, yaani chini ya kiwango cha juu kabisa cha programu. Utakuwa mdogo mno, na utaanza kusukuma fada ya masta (kitelezi cha sauti ya jumla) mpaka taa nyekundu. Bila amplifaya ya hedifoni au intafesi ya sauti (kisanduku cha kuunganisha maikrofoni na hedifoni kwenye kompyuta) yenye nguvu, baki kati ya ohm 32 na 80. MDR-7506 ni ohm 63. HD 600 ni ohm 300, kwa hiyo hesabu na bei ya amplifaya kabla hujajifunga.

Upande wa pili wa hesabu hiyo husahaulika: tundu lenyewe lina ukinzani wake, na linapaswa kuwa chini ya moja ya nane ya hedifoni. Hedifoni ya ohm 32 inataka tundu la ohm 4 kushuka. Mikisa mingi midogo ya bei nafuu imezidi hapo, na matokeo yake besi inavimba mahali ambapo hedifoni nyingi za kawaida ukinzani wao hupanda. Ukisikia hedifoni yako ina besi zaidi kwenye mikisa kuliko kwenye simu, mara nyingi sababu ni hiyo, hedifoni haijaharibika.

Kununua ni shughuli yenyewe, maana nyingi zinaagizwa Dar es Salaam, na kurudisha mzigo uliosafiri zaidi ya kilomita 1,200 hakuna anayetaka kufanya. MDR-7506 na ATH-M50x zinaigizwa sana, na boksi la feki linaweza kuwa zuri kuliko la halali. Usihukumu kwa boksi. Mwambie muuzaji apige video, ashike mita ya fundi redio, aweke kwenye ohm, na apime pini. Ncha ya pini ni upande wa kushoto, pete ya katikati ni kulia, shina ni la wote wawili. Apime ncha kwa shina, halafu pete kwa shina. Namba iwe karibu na ile ya kiwandani, mara nyingi chini yake kidogo, na pande mbili zisipishane zaidi ya ohm 1 au 2. Mita ikigusa, upande unaopimwa utakwaruza kwa sauti ndogo, nayo ni ishara kwamba spika ya ndani ni hai. Ukiona 30 kwenye hedifoni iliyopaswa kuwa 63, usitume pesa. Kwa MDR-7506 mwambie pia aonyeshe waya mwembamba uliojitokeza wazi pale kikombe kinapokunjika, waya mkuu wa kujiviringa usiochomoka, na adapta ya pini kubwa inayofungwa kwa kuzungushwa.

Ikishafika, usimiksi wimbo wa mteja wiki ya kwanza. Chagua nyimbo 5 unazozijua kwenye kila spika ya mtaani: mbili za Bongo Fleva zenye besi iliyopangwa vizuri, moja ya sauti na gitaa tu, moja ya kasi, na rekodi moja ya zamani ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kama zile za Tabora Jazz. Hiyo ya zamani ni muhimu kuliko inavyoonekana. Nyingi za wakati ule ni mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia, kwa hiyo kila kitu kinapaswa kukaa katikati kabisa ya kichwa. Sauti ikiegemea upande mmoja, ama hedifoni haijalingana ama umeivaa vibaya. Ziingize nyimbo hizo kwenye programu yako, uzishushe desibeli 6 hadi 10 zilingane na wimbo wako, kisha ruka kutoka moja hadi nyingine. Usipolinganisha ukubwa, ile yenye kelele zaidi itaonekana bora kila mara.

Kuna namna ya kunyoosha hedifoni kwa ikolaiza, yaani kupandisha na kushusha besi, katikati na juu. Mradi wa bure wa AutoEq una vipimo vya modeli nyingi, na kwenye Windows unaviweka kwa programu ya ikolaiza iitwayo Equalizer APO. Penye ongezeko la desibeli 5, shusha kwanza sauti ya jumla desibeli 5, la sivyo itapasuka. Na hapa watumiaji wa FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, hukwama: ukiwa unatumia dereva ya ASIO ya intafesi yako, inayopeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa, Equalizer APO hupitwa pembeni, haifanyi lolote. Itakubidi uweke ikolaiza hiyo mwisho wa masta, na lazima uizime kabla ya kutoa faili. Ukisahau, umeuza marekebisho ya masikio yako ndani ya wimbo wa mtu.

Hata hedifoni iliyonyooka ina hila yake. Kwa spika, sikio la kushoto husikia kidogo pia spika ya kulia. Kwa hedifoni halisikii, kwa hiyo gitaa lililotupwa kushoto kabisa linaonekana liko mbali kuliko litakavyokuwa sebuleni. Mwangwi nao unasikika kwa uwazi mno, na ndiyo maana nyimbo zilizomiksiwa kwa hedifoni hutoka kavu. Bonyeza mono kila baada ya dakika chache. Chombo kikizama kwenye mono, kitazama kwenye simu ya mtu pia. Besi ithibitishe kwenye sabufa na kwenye gari.

Sauti iwe ya chini. Kiwango kinachotumika kulinda masikio kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza 3 muda unakatika nusu. Weka alama ya peni kwenye kitufe cha sauti na usivuke hapo. Pumzisha masikio kila saa.

Waya ukianza kukatika karibu na pini, mpelekee fundi redio, lakini mwambie nyaya za ndani zimepakwa enameli ya rangi. Risasi haishiki juu ya enameli. Aikwangue au aiunguze kwa ncha ya moto mpaka shaba ing'ae na ishike risasi, ndipo aunge. Fundi asiyejua hilo atakurudishia hedifoni inayolia upande mmoja baada ya siku mbili. ATH-M50x unabadilisha waya mzima, ila kikombe kinataka pini ya milimita 2.5 yenye kufuli, wa kawaida wa simu hauingii.

Ukisikia mtetemo wa ajabu kwenye besi, toa sponji kabla ya kulaumu spika. Mara nyingi ni unywele mmoja umegusa utando. Uvute kwa kibanio, usipulize kwa nguvu. Na jasho la huku likishazichubua sponji, nunua zenye unene na nyenzo ileile, maana sponji nene zaidi husogeza spika mbali na sikio na kubadilisha besi. Siku utakayozibadilisha, rudia zile nyimbo 5 kabla ya kufungua kazi yoyote.